Bamba la kaboni la kujifunzia panga la feni ya injini ya ndege

Feni ya injini ya LEAP, ile ya ndege za abiria za A320neo na 737 MAX, ina mapanga 18. Injini ya CFM56-5B, iliyoitangulia kwenye A320, ilikuwa nayo 36. Panga la LEAP ni nyuzi za kaboni zilizofumwa kwa unene wake wote, yaani nyuzi nyingine hupita toka tabaka hadi tabaka, kisha kitambaa hicho hutiwa kwenye kalibu na kusukumiwa rezini, gundi ya majimaji inayogeuka ngumu. Viwanda viko Rochester, Marekani; Commercy, Ufaransa; na Querétaro, Mexico. Mitambo hiyo hatuna, ila bamba la kitambaa cha kawaida litakuonyesha kwa nini wanafuma hivyo.

1. Kata. Vaa glovu, miwani na barakoa. Vumbi la kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo ondoa kompyuta karibu. Chukua kitambaa cha kaboni cha gramu 200 kwa mita ya mraba, vipande 8. Bandika selotepu ya karatasi juu ya mstari, ukate katikati yake. Bila hiyo ukingo hufumuka. Chora juu yake mshale wa mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa.

2. Panga. Hapa usiharakishe. Paka kioo nta ya kuachisha, halafu laza tabaka kwa ulinganifu: la 1 lifanane na la 8, la 2 na la 7, hivyo hivyo hadi kati. Mishale ya nusu ielekee digrii 0, ya nusu 45. Bamba lisilolingana hujikunja likishakauka. Kandamiza kwa kiganja toka katikati kwenda nje, usivute. Uzi uliopinda rezini haiunyooshi, huugandisha ulivyo. Mimi nikiona mshindio, nyuzi za upana, umeyumba, nabandua na kulaza upya.

3. Funika kwa kitambaa cha kubandua, wavu wa kupitishia rezini na plastiki. Vuta hewa kwa pampu, funga bomba lake, subiri dakika 15. Mshale wa geji ukisogea, tafuta tundu kabla ya kuchanganya chochote.

4. Pitisha rezini. Pima epoksi, ndiyo rezini yetu, kwa mizani, joto na muda fuata karatasi ya mtengenezaji.

5. Kagua. Punguza kingo zenye selotepu, kisha gonga bamba kwa sarafu. Palipo pazima hulia kwa sauti kali; palipoachana hutoa mlio mzito, butu.

Sasa weka ncha ya patasi ukingoni, kati ya tabaka mbili, ugonge. Litapasuka kama mikeka iliyogandishwa, maana kilichozishika ni rezini tu. Ndani ya panga la LEAP patasi hiyo ingekutana na uzi, na hiyo ni sababu mojawapo panga huhimili ndege wa porini akiingia injini.