Misingi ya Urubani: Ya Kujifunza Kabla ya Kulipia Saa za Kuruka

Anayetaka kuwa rubani aanze kwa daktari kabla hajakwenda chuoni. Daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, yaani KCAA nchini Kenya au TCAA nchini Tanzania, atampima macho, masikio, moyo na mengineyo. Cheti cha daraja la pili kinamtosha rubani binafsi, lakini anayekusudia kuajiriwa apimwe mapema kwa daraja la kwanza, ili kikwazo, kama kipo, kijulikane kabla ada haijalipwa.

Masomo ya nadharia ni mengi, yakiwemo sheria za anga, hali ya hewa, usomaji wa ramani na mawasiliano ya redio, ila ni vyema kutangulia na namna ndege inavyoruka. Wengi hudhani kwamba injini ikizimika ndege hudondoka papo hapo, kumbe huendelea kuelea ikishuka taratibu. Hatari kubwa zaidi ni kuinua pua kupita kiasi, kwa maana pembe kati ya bawa na hewa inayolikabili ikizidi takriban nyuzi 15, mtiririko wa hewa huvurugika na nguvu ya kuinua hupungua ghafla.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu wanafunzi hulipuuza mno, ni athari ya joto na mwinuko, ambavyo huifanya hewa kuwa nyepesi. Chukua uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Joto la kawaida usawa wa bahari huhesabiwa kuwa nyuzi 15 za Selsiasi, nalo hupungua takriban nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, hivyo Wilson ingepaswa kuwa na nyuzi 4. Mchana wa nyuzi 26 umezidi kwa 22. Kila nyuzi iliyozidi huhesabiwa kama futi 120 za mwinuko, hivyo zidisha 22 kwa 120, upate 2,640, kisha ujumlishe na zile 5,500. Ndege itaondoka kana kwamba uwanja uko kwenye futi 8,100 hivi: injini itapungukiwa nguvu, na ndege itahitaji barabara ya kurukia ndefu zaidi kuliko ingehitaji Mombasa, kwenye usawa wa bahari. Rudia hesabu hii kwa viwanja mbalimbali, asubuhi na alasiri, hadi uizoee.

Kiingereza cha redio nacho kina kipimo chake cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na kiwango kinachotakiwa ni cha nne kati ya sita. Baada ya hapo ndipo ulipie saa za kuruka, ambazo kwa rubani binafsi kwa kawaida hazipungui 40, na uweke akiba ya kuzidi hapo.