Taa ya mafuta haizimi hata ukijaza tenki? Anzia hapa kabla hujanunua spea

Umetoka sheli, mafuta umeweka ya kutosha, mshale umepanda vizuri ila ile taa ya njano yenye alama ya pampu imeng'ang'ania tu. Mimi ilinipata kwenye Corolla 110, fundi wa kwanza akasema dashibodi imekufa, nikanunua nyingine used, ikafungwa, taa ikawaka vilevile kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye tenki muda wote. Iliniuma sana ile hela, ndo maana nataka nikuelekeze taratibu.

Kwanza kabisa usiangalie taa peke yake, angalia taa pamoja na mshale. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 hivi vitu viwili vina njia tofauti. Mshale unafuata boya linaloelea kwenye mafuta, taa yenyewe ina kihisio chake kidogo chini kule kwenye tenki, kikizama kwenye petroli kinapoa na umeme unapita kidogo mno, taa inazima, mafuta yakishuka kikabaki hewani kinapata joto, kinaachia umeme upite, taa inawaka. Kwahiyo mshale ukiwa juu na taa inawaka, boya halina kosa, shida ni kihisio au waya wake umechubuka mahali unagusa bodi. Gari nyingi za baadaye hazina hicho kihisio, dashibodi inasoma boya halafu yenyewe ndo inaamua kuwasha taa, hapo utaona mshale nao umelala chini.

Sasa kupima. Inua siti ya nyuma, Toyota nyingi ndogo utakuta kifuniko cha bati, kitoe, chini yake kuna soketi ya pampu na geji (kile chombo cha ndani ya tenki kilichoshika boya). Zima gari, chomoa soketi, halafu washa swichi bila kupiga stata (hata ukipiga itazima yenyewe maana pampu haina umeme). Kwa zile za zamani, taa ikizima ujue kihisio ndani ya tenki kimekufa, isipozima usifungue tenki kabisa, fuata waya kuelekea mbele, angalia hasa pale unapopita chini ya kapeti na pembeni ya mlango, ukikuta mzima ndo uanze kuishuku dashibodi.

Ukikuta kosa liko kwenye kihisio, au mshale umelala ukashuku boya, hapo ndo unafungua tenki, na hapa naomba unisikilize vizuri. Petroli ikipata cheche haisubiri. Fanyia nje penye upepo, mafuta yawe chini ya robo, kabla ya kuanza toa fyuzi ya pampu uwashe gari mpaka izime yenyewe ili presha ishuke kwenye paipu, kisha toa negativu ya betri. Sigara hapana, simu weka mbali, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Futa vumbi juu ya mfuniko kabla hujafungua, mchanga wa barabarani ukidondokea ndani utaua pampu.

Ukishatoa geji, tikisa boya kwanza, ukisikia kitu kinacheza ndani limeingia mafuta na halielei tena. Likiwa zima chukua mita ya umeme, weka kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), pandisha mkono wa boya polepole. Toyota nyingi za zamani zinasoma kama omu 3 tenki likiwa limejaa na karibu 110 likiwa tupu, gari za kampuni nyingine zina namba zao, ila cha muhimu ni namba iende laini bila kuruka. Ikikatika katikati, ile njia ya umeme kwenye geji inayosuguliwa mkono wa boya ukipanda na kushuka imechafuka au imelika. Ikiwa ni uchafu tu, kontakti klina (dawa ya kusafishia sehemu za umeme) na kifutio cha penseli vinatosha, msasa usitumie maana unamaliza kabisa. Imelika? Nunua geji nyingine, na hata used ipime kwa mita palepale dukani kabla hujatoa hela. Wenye Subaru Forester mkumbuke tenki lina pande mbili na geji mbili, mkipima moja tu mtazunguka sana.

Wakati hujatengeneza, usizoee kuendesha kwa kubahatisha. Pampu inapozwa na mafuta yanayoizunguka, ukiendesha tenki likiwa karibu tupu kila siku inachoka mapema, na bei yake ni kubwa kuliko ya geji. Piga hesabu kwa kilomita, ukijaza weka tripu sifuri, rudi sheli mapema.

Wakati wa kufunga weka gasketi mpya, ya zamani ikishavimba haikai tena. Washa gari, angalia juu ya mfuniko kwa dakika kadhaa kabla hujarudisha siti, na kesho yake asubuhi fungua mlango wa nyuma unuse. Ukisikia harufu ya petroli usilitembeze, fungua ufunge upya.