Kadi ya kwanza ya Wayne Gretzky (1979-80): jinsi ya kujua kama ni yenyewe

Juzi binamu yangu hapa Edmonton kaniletea kadi ya picha ya Gretzky, yule mchezaji wa hoki ya barafu, kaikuta kwenye boksi alilonunua kwa mtu anayehama. Alishasikia kuna moja ya daraja la 10, yaani hali bora kabisa, iliuzwa dola milioni 3.75 mwaka 2021, akawa hata kuishika anaogopa. Tukakaa jikoni tukaikagua hivi.

1. Nawa mikono, kausha kabisa. Kadi yenyewe usiifute na chochote.

2. Igeuze. Ukikuta Kiingereza na Kifaransa, hiyo ni O-Pee-Chee, ya Kanada. Kiingereza kitupu ni Topps ya Marekani. Zote namba 18, zote fremu ya bluu, ila ya Kanada ndo inagombaniwa.

3. Hapa tulia. Tafuta kwanza kadi nyingine ya seti hiyohiyo, mchezaji yeyote asiye na jina, za O-Pee-Chee ziko 396 kwahiyo za bei ndogo hazikosekani. Bila kadi ya kulinganishia mimi sikagui, basi. Halafu lenzi ya mara 10, sio kamera ya simu, simu inalainisha picha unaona kitu ambacho hakipo. Mimi mara ya kwanza nilimaliza jioni nzima naangalia uso wa Gretzky, naona vidoti, nikajua feki, kumbe picha hata kwenye kadi halali ni vidoti tu! Angalia herufi. Kwenye halali wino umejaa na ukingo wa herufi umenyooka, kwenye feki iliyoskaniwa hata herufi zimevunjika vidoti. Hamia pembeni: O-Pee-Chee zilikatwa vibaya tangu kiwandani, ukingo una vinyweleo kama karatasi iliyochanwa, kwahiyo ukingo laini kama wembe ndo wa kutilia shaka, huenda mtu kapunguza kona zilizochakaa. Pima, iwe inchi 2.5 kwa 3.5, ila kipimo peke yake hakitoshi maana hata kiwandani zilipishana kidogo. Mwisho kona, bluu ikibanduka panabaki peupe na kuna watu wanapaka kalamu ya rangi, inua kwenye taa uitege, wino wa kalamu unang'aa tofauti.

4. Soma takwimu za nyuma. Lazima ziishie 1978-79, msimu wa WHA, ligi ya hoki iliyokufa mwaka huohuo: mechi 8 akichezea Indianapolis, kisha kauzwa huku Edmonton, jumla magoli 46. Huyu ni dogo wa miaka 18 ambaye NHL, ligi kuu ya hoki, bado hajaigusa, na ndo maana naipenda hii kadi. Msimu uliofuata kapata pointi 137 (magoli ukijumlisha na asisti) sawa na Marcel Dionne, tuzo ya pointi nyingi akapewa Dionne kwa kumzidi magoli. Baadaye vikombe 4 vya Stanley, yaani ubingwa wa NHL, na hadi anastaafu 1999 ana magoli 894 na asisti 1963. Mshambuliaji Ovechkin kampita magoli ya NHL mwaka 2025, sawa, lakini mfutie Gretzky magoli yote, asisti peke yake zinazidi pointi za mchezaji mwingine yeyote wa NHL.

5. Ivalishe plastiki laini kwanza, ndo uiingize kwenye ile ngumu. Ukiiingiza moja kwa moja kwenye ngumu unakwaruza kona.