Betri ya Risiva ya Gari la Nitro: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Gari la rimoti la nitro husukumwa na injini inayochoma methanoli, nitromethani na oili, ndiyo maana wengi wanaoanza huifikiria betri mwisho kabisa. Lakini ni hiyo betri ndogo inayolisha risiva (kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti) na sevo mbili (vijimota vinavyotii amri zake), moja ya usukani na nyingine ya mafuta na breki. Ikikata gari likiwa mbioni, injini haizimiki. Sevo hubaki ilipokuwa, na kama kifyatuo cha rimoti kilikuwa kimevutwa hadi mwisho, gari la kipimo cha 1/8 (moja ya nane ya gari halisi), lenye uzito unaopita kilo tatu, litaendelea vivyo hivyo mpaka ligonge kitu. Katika viwanja vyetu vya Nairobi, ambako upande wa pili watoto wanapiga mpira, hilo si jambo la kubahatisha. Mimi huichagua betri kwanza kama sehemu ya breki, bei baadaye.

Kabla hujatoa pesa, soma volti zilizoandikwa ubavuni mwa sevo na kwenye risiva. Sevo nyingi za kawaida zinataka volti 4.8 hadi 6.0. Zile za volti ya juu hufika 7.4, nyingine 8.4. Namba hiyo ndiyo inayoamua aina ya betri.

Magari mengi huja na kisanduku cha plastiki cha kutia betri nne za AA. Betri za kawaida za dukani zitakupa volti 6 kwa makaratasi, ila sevo mbili zikivuta umeme pamoja, volti hizo huporomoka. Tena springi za kisanduku huachia kidogo kila gari linaporuka, na kukatika kwa nukta moja kunatosha kuizima risiva. Kisanduku hicho kinafaa kujaribia gari nyumbani, si kukimbizia. Chaguo langu kwa anayeanza ni pakiti ya NiMH (nikeli, ya kuchajiwa) yenye seli tano zilizolehemiwa pamoja. Kila seli ni volti 1.2, jumla 6.0, na sevo za kawaida zinaikubali bila kifaa cha katikati. Seli nne hutoa 4.8 tu, na usukani utauona mzito.

LiPo, aina ya betri ya lithiamu, ya seli mbili ni nyepesi na ina nguvu, lakini ikijaa hufika volti 8.4. Kama sevo zako si za volti ya juu, lazima uweke kidhibiti volti katikati, na hicho nacho ni kitu kingine kinachoweza kuharibika. LiFe, aina nyingine ya lithiamu, ya seli mbili ni volti 6.6, ikijaa 7.2. Volti zake hazishuki sana mpaka karibu na mwisho, na ningeipendekeza kwa yeyote ambaye sevo zake zinaivumilia na ana chaja yenye mpangilio wake.

Namba ya mAh, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba, isikupumbaze. Kwenye maduka ya Luthuli Avenue hapa Nairobi na mitaa ya jirani utakuta seli nzuri, na utakuta pia seli zilizobandikwa namba ambazo haziwezi kutimiza. Ipime kwa mkono: seli ya AA ya NiMH ya mAh 2000 huwa na gramu 26 hivi au zaidi, na ikiwa nyepesi mno kuna jambo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni mita ya volti. Unganisha betri iliyojaa, weka gari chini kwa magurudumu yake, zungusha usukani kushoto na kulia haraka huku ukitazama volti. Pakiti ya seli tano ikianguka chini ya 5, irudishe, hata kama imeandikwa mAh 3000.

Itatosha muda gani? Ijaze, endesha nusu saa, kisha tazama chaja inarudisha mAh ngapi. Ikirudisha 400, pakiti ya 1600 ingeenda saa mbili kwa hesabu, lakini panga saa moja. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mafuta huwa mengi mno kwa hewa iliyopo kabureta ikiachwa ilivyotoka kiwandani, na utatumia muda kuirekebisha kabureta huku risiva ikiwa imewashwa. Muda huo wote betri inaliwa.

Chaji usiku wa kuamkia siku ya kuendesha, si wiki moja kabla, kwa sababu NiMH hupungua yenyewe ikikaa. Pakiti ya mAh 1600 ichajiwe kwa ampea 1.6 au chini, na kamwe usichaji LiPo kwa mpangilio wa NiMH. Kwa vile stima hupotea, nunua chaja inayokubali pia volti 12 za betri ya gari. Ukiwa na ndugu anayekuletea betri za lithiamu kutoka ng'ambo, mwambie azibebe kwenye mzigo wa mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa, maana haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia chini ya ndege.

Kinga ya risiva ijaribiwe injini ikiwa imezimwa: vuta kifyatuo nusu, zima rimoti, na kabureta ijifunge. Hiyo ni kinga ya mawimbi kupotea, nayo haisaidii umeme ukikatika kabisa. Kwa hilo weka springi kwenye kabureta, yenye nguvu ya kuirudisha sevo isiyo na umeme, kisha chomoa betri uone kama inafanya kazi. Kagua swichi pia, kwa kuwa vumbi na oili huingia humo na kuilegeza.

Plagi ya injini ina betri yake ya kuiwashia, seli moja ya volti 1.2. Usithubutu kuiunganisha na pakiti ya risiva. Volti 6 huikata waya wake papo hapo.