Jinsi ya kupima hisia za miguu ya mzazi mwenye kisukari ukiwa nyumbani

Bibi mmoja wa Kibosho aliwahi kuingia kazini kwangu, hapa Moshi, msumari ukiwa umepenya ndala yake hadi kwenye unyayo. Alikuwa ametembea nao tangu sokoni Kiborloni. Kilichomleta ni damu aliyoiona kwenye ndala, kwa sababu maumivu hakuwa nayo kabisa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na tangu siku ile kila anayemleta mzazi mwenye kisukari namfundisha kipimo hiki. Unahitaji kidole chako, simu inayotetemeka na robo saa yenye utulivu.

Hatua ya 1: Miguu ipate joto

Baridi hutia ganzi hata mguu usio na tatizo, na Julai yetu mnaijua. Mvue soksi, umfunike miguu kwa blanketi dakika kumi. Usitumie beseni la maji ya moto wala jiko la mkaa. Mguu usiohisi mguso mara nyingi hauhisi moto pia, na nimeshafunga vidonda vya namna hiyo vingi mno.

Hatua ya 2: Afumbe macho, nawe usiulize "unasikia?"

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Ukimuuliza mzee "Baba, unasikia?", atajibu "Nasikia, mwanangu", hata kama hujamgusa. Hadanganyi. Anakustahi, na hataki uondoke na wasiwasi. Mwambie hivi: "Baba, nikikugusa sema ni mguu gani, wa kulia au wa kushoto." Kisha kaa kimya. Kimya chake nacho ni jibu, kwa hiyo usimkumbushe.

Hatua ya 3: Mguso mwepesi

Kwa ncha ya kidole chako cha shahada, gusa ncha za vidole vyake kwa utaratibu huu: kidole gumba cha kulia, kidole kidogo cha kulia, kidole gumba cha kushoto, kidole kidogo cha kushoto, kisha cha katikati cha kulia na cha katikati cha kushoto. Kila kimoja mara moja tu, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kugongagonga. Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, kwa ajili ya watu wasio na vifaa. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, hisia zimepungua.

Kwa nini usibonyeze? Karibu kabisa na uso wa ngozi isiyo na vinyweleo, yaani viganja na nyayo, kuna vipokezi vya Meissner, yaani ncha za neva zinazopokea mguso. Hivi hutoa taarifa mguso unapoanza na unapoondoka, katikati hunyamaza. Ukikandamiza, umeshawaamsha wengine walio chini yake, na hujui tena ni nani aliyejibu. Kwenye utando wa ncha hizo za neva kuna protini iitwayo Piezo2, ambayo ni kama mlango: utando ukivutwa mlango hufunguka, chembe zenye chaji huingia, na umeme wa neva huanza safari. Ardem Patapoutian, aliyeongoza ugunduzi huo, alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021.

Hatua ya 4: Mgandamizo

Sasa bonyeza unyayo taratibu, pasipo na sugu, ushikilie, na umwombe aseme "toka" ukiachia. Hapa unawauliza vipokezi vingine, vya Merkel, ambao huendelea kutuma taarifa muda wote uzito upo. Kliniki tunatumia uzi wa nailoni unaopinda unapofikia gramu 10. Kalamu haiwezi kazi hiyo, usiijaribu. Wapo pia Ruffini, wanaohisi ngozi ikivutwa, lakini hao hatuna namna ya kuwapima nyumbani.

Hatua ya 5: Mtetemo

Filippo Pacini alikuwa mwanafunzi huko Italia mwaka 1831 alipoona vipunje vidogo kwenye neva za mkono. Kila kimoja kina urefu wa milimita moja hivi, na ndani kina matabaka kama kitunguu. Matabaka hayo hulainisha msukumo wa polepole na kupitisha ule wa haraka, hivyo kipokezi hiki huwa makini zaidi kwenye mitetemo kama 250 kwa sekunde. Kliniki tunaweka kwenye mfupa wa kidole gumba chuma cha ncha mbili, mfano wa uma, kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde.

Nyumbani tumia simu. Kwanza iweke kwenye kifundo cha mkono wake aujue mtetemo wenyewe, halafu weka ukingo wake kwenye mfupa nyuma ya ukucha wa kidole gumba. Washa redio ifunike mlio wa simu. Lugha yetu ina mtego hapa: atasema "nasikia" kwa kuwa ameisikia simu kwa masikio. Muulize "kinatetemeka au kimetulia?", na mara nyingine iweke ikiwa imezimwa. Simu haitoi alama kama kile chuma, lakini asiyetofautisha kabisa anahitaji kupimwa kliniki.

Seli moja ya neva ya mtetemo hunyooka kutoka kidole cha mguu, kupitia uti wa mgongo, hadi chini ya ubongo. Kisukari huharibu neva, na huanza na nyuzi ndefu kuliko zote. Ndiyo sababu ganzi huanzia vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda kama mtu anayevaa soksi.

Hatua ya 6: Andika, kisha amua

Andika tarehe na vidole alivyokosa, upeleke karatasi hiyo kliniki ya kisukari. Aliyepata vyote bado apimwe huko kila mwaka. Aliyekosa hana haja ya kurudiarudia kipimo: yeye akaguliwe nyayo kila jioni, viatu vyake vikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono kabla hajavaa, na asiende peku hata mgombani nyuma ya nyumba. Ukikuta jeraha lililo wazi, mpeleke siku hiyohiyo, hata akikwambia haliumi.