Bajia za kunde kavu, zenye pilipili

Bajia zikilegea kabla ya adhana ya magharibi, watu husingizia mafuta. Mimi nauliza kwanza: rojo ulilitia maji kiasi gani?

Chukua nusu kilo ya kunde nyeupe, zile zenye jicho jeusi, uziroweke usiku kucha. Asubuhi zifikiche kwa viganja ndani ya maji mengi. Maganda yataelea, yamwage, tia maji mengine, fikicha tena. Ni kazi hasa, kwa hiyo ukipata zilizokwisha kuparazwa dukani, nunua bila haya, uziroweke saa nne tu. Ganda moja moja likibaki si neno.

Ziache kwenye chujio mpaka zikauke maji. Blenda itakuambia haizunguki, usiisikilize. Saga kidogo kidogo pamoja na chembe sita za thomu, kipande cha tangawizi na pilipili mbichi nne. Ikikwama kabisa, ongeza maji kwa kijiko cha chai, si kwa kikombe. Usisage ikawa laini kama uji wa mtoto: zile chenga ndizo zinazolia mdomoni. Mwenye kinu na mikono atanishinda.

Sasa lipige rojo kwa mwiko, dakika tano au zaidi, mpaka liwe jepesi na rangi ipauke. Dondosha tone kwenye glasi ya maji. Likielea, limeingia hewa ya kutosha. Wengine hutia magadi soda. Mimi sitii, yakizidi kidogo tu utaonja sabuni.

Washa jiko kwanza, ndipo utie kitunguu maji kilichokatwakatwa, kotmiri, kijiko cha chai cha uzile (bizari nyembamba) na chumvi. Chumvi na kitunguu hutoa maji, vikikaa humo nusu saa umeharibu kazi ya asubuhi nzima. Pilipili mbuzi moja, iliyokatwa ndogo sana, huja mwisho kabisa kwa ajili ya harufu yake. Wasiopenda ukali nawachomea zao kabla sijaitia.

Mafuta yawe mengi, moto wa kadiri. Tone la rojo likizama kisha likapanda likichemka, anza. Likikaa chini, subiri. Likiwa jeusi papo hapo, punguza moto. Chota kwa vidole, dondosha vidonge vidogo, na usijaze karai, maana mafuta yatapoa na bajia zitayanywa. Zigeuze mpaka ziwe rangi ya hudhurungi, sio manjano. Ziopoe kwenye chujio, wala usizifunike: mvuke nao ni maji.

Chatne ni nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, thomu, chumvi na ndimu, vikasagwa pamoja. Itengeneze ya kuliwa siku hiyohiyo. Nazi huchacha upesi.