Namna ya kuusoma mkono wa serikali kwenye kilo moja ya korosho

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano hapa Masasi huja na majina matatu waliyoyakariri: ubepari, ujamaa, uchumi mchanganyiko. Ukiwauliza Tanzania iko kundi gani, wanajibu "mchanganyiko", na mjadala unaishia hapo. Lakini karibu kila nchi duniani ni mchanganyiko. Ukitaka kujua umechanganywa vipi, fuata bidhaa moja tangu inapozalishwa hadi fedha inapomfikia mwenyewe.

Chagua bidhaa unayoijua vizuri. Sisi watu wa Kusini tunachukua korosho. Andika kila hatua kwenye daftari, na kwa kila hatua jiulize maswali mawili: nani anapanga bei, na bei ikianguka hasara ni ya nani?

Anza shambani. Mkulima anaamua mwenyewe apalilie lini na amlipe kibarua kiasi gani, na hilo ni soko. Ila salfa anayopuliza kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga mara nyingi ni ya ruzuku, na mche bora umetoka kwenye utafiti wa Naliendele, kituo cha serikali. Andika yote, hata yanayoonekana madogo.

Ukifika kwenye kuuza, nenda polepole. Korosho ghafi haziuzwi kihalali kwa anayepita kijijini na bakuli lake. Biashara hiyo ya magendo, ya kupima kwa bakuli, ndiyo kangomba. Mkulima anazipeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinapangwa daraja, zinaingia ghalani. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani una sheria yake ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza msimu wa 2007/08. Kisha chama kikuu cha ushirika, ambacho kwetu ni MAMCU na kwa Newala na Tandahimba ni TANECU, kinapeleka mzigo mnadani.

Wengi wanateleza hapa. Wakiona Bodi ya Korosho, ghala na chama, wanaandika "bei inapangwa na serikali". Siyo. Serikali imeamua uuzie wapi na kwa njia gani. Bei inatokana na ushindani wa wanunuzi, ambao wengi wanapeleka mzigo India na Vietnam. Mwaka ambao viwanda vya huko havina haja, mnada unapoa na hasara ni ya mkulima.

Sasa omba kuona karatasi ya malipo ya mkulima, usome makato: ushuru wa halmashauri, usafirishaji, ghala, chama. Halafu tafuta kato ambalo halikuandikwa. Anayesafirisha korosho ghafi nje ya nchi anatozwa ushuru, naye huupigia hesabu kabla ya kutaja bei mnadani. Kwa hiyo sehemu ya ushuru huo mkulima anailipa bila kuiona popote.

Usiwasahau watu wa kangomba. Mnada huanza kwenye mwezi wa kumi, lakini mtoto anaumwa mwezi wa nane. Mwenye bakuli anakuja na fedha taslimu wakati ambapo hakuna mwingine wa kukopesha, anachukua korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kuumiza. Sheria imempiga marufuku mnunuzi huyo, lakini shida iliyomleta imeiacha palepale. Hili linaniuma, na nataka kila mwanafunzi aliandike kwenye daftari lake.

Kisha linganisha na msimu wa 2018. Oktoba wakulima waligomea bei za mnadani. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Rudi kwenye swali la pili. Hatari ya bei ilihamia serikalini. Ila malipo yalitanguliwa na uhakiki wa mashamba, na wapo waliosubiri fedha zao kwa miezi. Hatari ya muda ikabaki kwa mkulima.

Kwa mfano wa zamani, mtafute mzee akueleze enzi za Tume ya Bei, chombo cha serikali cha kupanga bei kilichoundwa mwaka 1973, na maduka ya RTC, kampuni za serikali za biashara za mikoa. Muulize sabuni iliuzwa bei gani, kisha muulize iliwahi kukaa dukani kwa siku ngapi. Hayo majibu mawili yatakuonyesha kwa nini Rais Mwinyi, aliyelegeza masharti ya biashara, aliitwa Mzee Ruksa.

Kwa mfano wa jirani, tazama Kenya. Mwaka 2016 sheria iliweka ukomo wa riba ya mikopo: asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Benki zikaona mfanyabiashara mdogo hailipi kumkopesha, zikaelekeza fedha kwenye hati fungani za serikali. Ukomo uliondolewa Novemba 2019. Aliyekusudiwa kulindwa ndiye aliyekosa mkopo.

Baada ya hapo jaribu mwenyewe na vitu vya kila siku. Mchicha ni wa soko tupu. Nauli ya daladala inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini; bodaboda mnapatana. Petroli ni zoezi zuri zaidi: EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya hapo. Pita kwenye vituo vya mjini kwako uone kama kuna kinachofanya hivyo, na kama hakuna, tafuta sababu.